Niliyemwita Kompyuta

Mwaka 2010 nilisema jambo la uongo redioni na watu wakanishangilia. Siku hiyo sikujua kuwa ni uongo. Nilikuja kujua baadaye, tena bila shaka yoyote, nikafunga mdomo. Kwa hiyo nina makosa mawili ya kuungama, na la pili ndilo linaloninyima usingizi. La kwanza lilikuwa la ujinga, na ujinga una udhuru wake.

Nilikuwa na kipindi cha muziki Jumamosi jioni katika kituo kidogo cha FM ambacho mawimbi yake yalianzia Likoni yakaishia karibu na Lunga Lunga, hali ya hewa ikiruhusu. Kazi yangu ilikuwa kucheza nyimbo za pwani, kusoma salamu, na mara mojamoja kutoa hukumu juu ya kazi mpya. Hukumu hizo ndizo zilizonipa jina. Watu hawakupiga simu nilipomsifu mtu, walipiga nilipomrarua.

Mwaka huo bendi moja ya vijana wa Msambweni ilitoa albamu. Jina silitaji, kwa kuwa bendi ilishavunjika na wenyewe wana maisha mengine. Niliwajua tangu walipokuwa wakipiga magitaa katika hoteli za Diani: Bob Marley kwa Waitaliano, "Hotel California" kwa Wajerumani, na "Jambo Bwana" kwa kila mtu, maana tangu Them Mushrooms waurekodi wimbo huo mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakuna mpiga gitaa wa hoteli pwani hii anayekwenda kulala hajaupiga. Hotelini walikuwa watiifu. Jumapili alasiri, wakiwa peke yao Msambweni, walipiga roki ya kelele, spika zikikoroma, na kijana mmoja mwembamba akiimba Kidigo juu yake. Hivyo ndivyo nilivyowapenda. Nilikuwa nimeshawaahidi wasikilizaji wangu kwamba albamu ikitoka, pwani itapata roki yake.

Albamu ikatoka, na gitaa karibu halimo. Nyimbo tisa, CD iliyochomwa katika saiba moja ya Ukunda na kuuzwa shilingi mia. Zilitengenezwa kwa Fruity Loops, programu ambayo wakati ule kila kijana mwenye kompyuta ya mtumba alikuwa nayo. Besi nzito ya mashine, sauti ya mwimbaji imepitishwa mitamboni mpaka inatetemeka, zumari la sengenya limekatwa vipandevipande na kurushwa huku na huku, na chini ya yote vumi linalojirudia bila kuchoka. Kwa asiyeijua, sengenya ni ngoma ya Wadigo na Waduruma: kuna ngoma za chapuo na vumi, kuna upatu, na zumari linalia juu yake kwa pumzi isiyokatika. Ukiigusa ngoma hiyo umegusa watu.

Na watu waliguswa, kila mmoja mahali pake. Makondakta wa matatu za Ukunda waliipiga mpaka CD zikakwaruzika. Wasichana waliipenda. Wazee wengi hawakufika wimbo wa pili: dundo la mashine wao walilijua kutoka disko matanga tu, zile disko za usiku wa msiba ambazo machifu wamekuwa wakizipiga vita kwa sababu ya wanafunzi wanaorudi wakiwa na mimba, na chochote kilichofanana na disko matanga hakikuwa na haja ya kusikilizwa. Wapiga gitaa wa hotelini waliona wamesalitiwa.

Maoni yenye akili kuliko yote yalitoka kwa mama mmoja wa Gazi, kiongozi wa kikundi cha chakacha. Alipiga simu kipindini. Alisema nyimbo ni tamu lakini ni fupi mno, haziachi nafasi ya kutunza. Arusini, alisema, mwanamke akisikia neno lake ndani ya wimbo huinuka, akatafuta noti, akacheza hadi kwa mwimbaji, akamtunza, akarudi. Wapigaji huzunguka palepale mpaka amalize, hata wakiinuka wanawake kumi. Hii mashine haimwoni aliyeinuka. Wimbo wa dakika tatu na nusu unakwisha mtu yuko katikati ya ukumbi na noti yake mkononi. Huo ndio uhakiki wa mtu anayejua muziki unafanya kazi gani. Mimi nilimkatiza kabla hajamaliza, kwa kuwa alianza kwa kusema nyimbo ni tamu.

Uhakiki wangu ulikuwa hivi. Niliucheza wimbo wa nne kwa sekunde chache, nikaushusha, nikasema: hapa hakuna mkono wa mtu. Nikasema vumi hili halikupigwa na yeyote, limebonyezwa. Nikasema vijana wameiuza ngoma ya babu zao kwa kompyuta, na kwamba arusi yoyote ya ukoo wangu isipigiwe kitu hicho. Simu zikaanza kulia kabla sijafunga mdomo. Mmoja akasema nimesema kweli tupu, mwingine akanipa heko kwa niaba ya kaya zote. Nililewa sifa. Jumamosi iliyofuata niliyarudia maneno yaleyale, safari hii nimeyapanga vizuri zaidi, na ile CD nikaipeleka nyumbani ikawa ya kuwekea kikombe cha chai. Nyimbo nilizokuwa nimezisikia mpaka mwisho zilikuwa tatu.

Na kuna kubwa zaidi. Mwezi Machi mwaka huohuo Kenya nzima ilikuwa inacheka na Makmende, yule shujaa wa video ya "Ha-He" ya Just A Band wa Nairobi. Hao walikuwa vijana waliokutana Chuo Kikuu cha Kenyatta, muziki wao wa umeme na kompyuta, albamu yao ya kwanza "Scratch to Reveal" ilitoka 2008. Niliwasifu. Nilisema redioni kwamba hiyo ndiyo Kenya mpya. Mashine ya Nairobi niliita maendeleo, ya Msambweni nikaita mauaji. Hakuna msikilizaji hata mmoja aliyenibana kwa hilo, wala mimi sikujibana.

Nimejiuliza sana kwa nini, na jibu silioni masikioni. Linatoka tumboni. Zamani nilikuwa mpiga drams hotelini, hapohapo Diani. Bendi ya watu saba, mshahara wa mwezi, chakula cha usiku pamoja na wafanyakazi wa jikoni, basi la hoteli la kuturudisha Ukunda. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, vurugu zikaenea kusini, watu zaidi ya 100 wakauawa na maelfu kwa maelfu wakayakimbia makwao. Wageni wakaacha kuja. Hoteli nyingine zilifunga milango, nyingine zikabaki na taa nusu, zote zikitafuta pa kupunguza gharama. Bendi ndiyo iliyoanza kupunguzwa. Utalii ulipojikokota kurudi, aliyeitwa kazini alikuwa mtu mmoja na kinanda cha Yamaha. Anabonyeza kitufe kilichoandikwa rumba, drams zinaanza. Anabonyeza kingine, besi inaingia. Mtu mmoja, mshahara mmoja, sahani moja ya chakula. Ndani ya kile kitufe cha kwanza kulikuwa na kazi yangu.

Kwa hiyo niliposikia dundo lisilochoka kwenye CD ya wale vijana, sikusikia sengenya wala roki wala uthubutu wa mtu yeyote. Nilimsikia meneja akiniambia nirudishe sare. Njaa ya mwaka 1997 ilikuja kusema mwaka 2010, nikaivika joho la utamaduni, na watu wakaiamkia.

Mtu mwenye kipindi cha muziki alipaswa kujua zaidi, na nilijua. Kanda nilikuwa nazo nyumbani. Zuhura Swaleh wa Mombasa, niliyemcheza karibu kila wiki kama mfano wa mambo yetu ya asili, alizijenga nyimbo zake za mdundo wa chakacha juu ya taishokoto, ala iliyobuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, nyuzi za chuma na vitufe vilivyoigwa kwenye taipureta. Maulidi Juma na Musical Party yake walipiga kinanda cha umeme na tuni za filamu za Kihindi, na wenye arusi Mombasa wakawagombania. Unguja, ambako Ikhwani Safaa ilianzishwa tangu 1905, waungwana wa taarabu walilalamika miaka ya 1990 kwamba adabu imekufa, East African Melody walipokuja na vinanda na mipasho yao. Mitaa ikacheza, mpaka huku kwetu. Hakuna katika hayo nililokuwa silijui, na hakuna lililonizuia.

Kuna moja nililokuwa silijui kweli. Kabla albamu haijatoka, yule kijana mwimbaji alinieleza kwamba mwalimu mmoja wa kupiga mbizi Diani alikuwa amemwachia CD ya Radiohead, "Kid A", na kwamba imemkosesha raha. Nikaitikia kwa kichwa kama ninayeifahamu. Sikutaka aone kwamba siijui. Habari yake nimekuja kuisoma nikiwa mtu mzima wa kutosha kuona haya. Radiohead ni bendi ya magitaa ya Uingereza iliyokuwa kileleni baada ya "OK Computer" ya mwaka 1997. Ikayaweka magitaa kando, ikaleta mashine, na Oktoba 2000 ikatoa albamu isiyotanguliwa na singo hata moja. Jarida la Melody Maker la London liliipa nyota moja na nusu kati ya tano. Nick Hornby, mwandishi wa riwaya, aliiponda katika The New Yorker. Pitchfork wakaipa kumi juu ya kumi. Mwaka 2009 Rolling Stone wakaitaja kuwa albamu bora ya mwongo mzima. Melody Maker yenyewe ilifungwa Desemba 2000, miezi miwili tu baada ya kugawa zile nyota zake. Sisemi vijana wa Msambweni walikuwa Radiohead. Nasema kijana alinieleza wazi anakokwenda, na angekuwa na haki ya kudhani kwamba mimi, kati ya watu wote, nitamwelewa.

Sasa lile la pili.

Mwaka uliofuata nilipanga kipindi maalumu juu ya kufa kwa sengenya. Nia haikuwa njema sana. Ilikuwa kuendeleza vita vyangu kwa silaha nyingine. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja, mpiga vumi, anayekaa kusini ya Msambweni, ndani kidogo ya barabara kuu, kwenye mikorosho. Nilifika asubuhi na kinasa sauti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu mkekani."

Tukanywa chai. Tukazungumza juu ya arusi za zamani na juu ya kiwanda cha sukari cha Ramisi, kabla hakijafungwa mwaka 1988, na jinsi mshahara wa wafanyakazi ulivyokuwa ukiisha ngomani. Kisha akalitoa vumi ndani, akaisogeza ngozi kwenye moto wa kuni ikapata joto kidogo, akaijaribu kwa kidole, akaketi, akaanza.

Alipiga mapigo mawili mazito, akaacha, akagusa ukingo kwa kiganja cha kushoto, kisha akaliingiza la tatu likiwa limechelewa, kiasi cha mtu kudhani amekosea, na papo hapo akalilipa deni lake mbele. Lile la kuchelewa likanishika shingo. Nilikuwa nalijua. Lilikuwa ndani ya wimbo wa nne, lilelile, na mguso uleule wa ukingoni. Masikio yangu ya mpiga drams yangelitambua mwaka mmoja nyuma, kama ningeyapa zaidi ya sekunde chache. Nikamuuliza kama aliwahi kurekodiwa. Akacheka mpaka akaliweka vumi chini.

"Wale vijana walikuja hapa na mashine yao," akasema. "Nilipiga pale chini ya mkorosho tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Yule uliyemwita kompyuta redioni ni mimi, mwanangu."

Alikuwa amesikia. Nyumba nzima ilikuwa imesikia. Mkewe, aliyekuwa akipepeta mchele pembeni, akasema siku ile walicheka mpaka chai ikamwagika. Mimi sikuwa na pa kutazama. Kwa kutafuta la kusema nikamuuliza kama vijana hawakumkosea. Akafikiri kwanza. Akasema walimkosea, ndiyo, ila si pale nilipodhani. Kompyuta haikumsumbua, alitaka hata kuona inavyoshika sauti. Kilichomuudhi ni kwamba walichukua kipande cha katikati wakakizungusha, wakaliacha pigo la kufungia.

"Mimi nilikuwa na neno la mwisho," akasema, akalipiga nilisikie, mapigo manne yanayoshuka na moja la kuzima. "Wakalikata. Sasa ngoma yao inazunguka tu, haijui kurudi nyumbani."

Na tena hawakuliandika jina lake kwenye jalada. Walimpa shilingi elfu moja na kilo mbili za sukari, akaona ni heshima ya kutosha kwa asubuhi moja.

Nilinasa yote. Jumatatu niliketi studioni mbele ya kompyuta ya kituo, nikatafuta mahali anapoanza kucheka, nikaanzia hapo kukata. Nikaikata sentensi ya kompyuta. Nikaikata ya jalada. Nikalikata neno lake la mwisho, mapigo manne na lile la kuzima, nikaziunganisha ncha mbili kwa ustadi ambao hakuna msikilizaji angeugundua. Kilichobaki ni mzee anayesikitika kwamba vijana wa leo hawaji kujifunza. Ni kweli alisema hivyo, mahali pengine katika mazungumzo, juu ya wajukuu zake mwenyewe. Kipindi kilisifiwa.

Bendi ilikuwa imeshaanza kuvunjika. Sitajidai kwamba mimi ndiye niliyeivunja. Bendi za pwani huvunjwa zaidi na kodi ya nyumba kuliko na wahakiki. Lakini walinyimwa arusi kwa ajili ya maneno yangu, hilo nalijua kwa kuwa wenye arusi waliniambia wenyewe, wakitaka niwapongeze. Mwimbaji akaenda Qatar kufanya kazi ya ulinzi, kama wengi wa rika lake. Kipindi changu nacho kikafungwa: kituo kilinunua programu inayochagua nyimbo yenyewe usiku na mchana. Msinionee huruma kwa hilo.

Mwaka jana nilimpata yule kijana kwa WhatsApp, nikamweleza yote, hata la kukata. Akakaa kimya mchana kutwa. Usiku akatuma sauti fupi: "Mzee, hilo la redio nilishakusamehe zamani. Hilo la babu, si langu kulisamehe." Alikuwa sahihi. Nikafunga safari kwenda kwenye mikorosho.

Kabla ya kufika huko, huu hapa uhakiki ninaodaiwa tangu 2010, nikiwa nimezisikiliza nyimbo zote tisa. Wa kwanza na wa pili ni dhaifu. Sauti iliyotetemeshwa inaficha maneno mazuri, na ni wazi walikuwa wanajaribu vitufe kuona vinafanya nini. Wa tatu una gitaa mwishoni, na unaposikia linavyoingia unatamani wangeliacha likae. Wa nne ndio bora, na mzee ana haki: hauishi, unafifishwa tu. Katika wa tano wamelikata zumari vibaya, ila wameiacha ndani sauti ya mpigaji akiulowesha ulimi wa zumari mdomoni kabla hajaanza, na hicho ni kitu ambacho hakuna rekodi ya asili niliyo nayo iliyofikiria kukiacha. Wa sita umepita bila kuniachia kitu. Wa saba ni rumba ya kinanda, mbovu kuliko ya hoteli yoyote, na nasema hivyo nikijua chuki yangu inatoka wapi. Wa nane ni mzuri kwa matatu. Wa tisa una dakika nane bila neno; hapo mama wa Gazi angepata nafasi yake ya kutunza, kama wangetia hata neno moja la kumwinua mtu kitini. Ni kazi isiyo sawa, nusu yake nzuri, ya vijana waliothubutu kuliko mikono yao ilivyoweza. Ilistahili kubishaniwa, si kuzikwa.

Kwa wenye studio Ukunda, Msambweni na kwingineko: mkimnasa mzee, liandikeni jina lake jaladani, mkamwandikishe, mumlipe kabla hajalirudisha vumi ndani. Mirabaha hulipwa kwa waliosajiliwa, na asiyeandikwa popote hana pa kudai.

Mzee alinipokea vizuri. Nilimwomba radhi, akaniambia nimalize chai kwanza. Nilipomuuliza kama naweza kumtaja kwa jina katika maandishi haya alikataa. Nilimtukana redioni, akasema, basi nimtaje redioni, wale waliosikia lile wasikie na hili. Sina redio tena. Rekodi ya siku ile ninayo nzima, haijakatwa. Msomaji mwenye kauli katika kituo chochote kati ya Likoni na Vanga, nahitaji dakika tano za hewani.